Maandazi na Mchakamchaka

Yapo maradhi ambayo humfanya mgonjwa aonekane mwongo. Malaria si mojawapo. Malaria ina homa, na homa hata mwalimu wa zamu mwenye haraka zake anaweza kuipima kwa kiganja cha mkono. Pumu nayo si mojawapo, maana kifua cha mwenye pumu husikika kabla mwenyewe hajasema neno. Ninayotaka kuyazungumza hapa ni maradhi ambayo mtoto akiwa nayo anaweza kula chakula fulani leo, kesho na keshokutwa, asione kitu. Anaweza pia kukimbia leo, kesho na keshokutwa, asione kitu. Lakini siku atakapokula chakula kile kile, kisha akakimbia kabla hakijatulia tumboni, ngozi itamwasha, uso utavimba na pumzi itamkaba. Mtoto wa namna hiyo akisema, "Mwalimu, maandazi yananidhuru," wenzake watasema walimwona jana akila matatu. Akisema, "Mbio zinanidhuru," watasema walimwona juzi akiwashinda wavulana. Na wote watakuwa wamesema kweli.

Nilishika chaki kwa miaka 38, tangu nilipotoka chuo cha ualimu mwaka 1973 hadi nilipostaafu mwaka 2011, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliitumia Nachingwea na upande ule ambao leo ni Wilaya ya Ruangwa. Enzi hizo ilikuwa wilaya moja. Ruangwa ilitengwa katika miaka ya 1990. Chuoni tulifundishwa saikolojia ya mtoto, maandalio ya somo, Elimu ya Kujitegemea na hata namna ya kupiga mstari ubaoni bila rula. Habari za mzio hatukufundishwa. Neno lenyewe tulilijua kutoka nyumbani, kwa maana ya chakula ambacho mtu au ukoo haukili kwa sababu kinawadhuru, na mtu hakuulizwa kinamdhuru vipi. Siku hizi neno hilo hilo ndilo wanalolitumia madaktari, na mimi naona limewafaa.

Msomaji aliyesoma shule ya msingi katika miaka ile hahitaji kuelezwa mchakamchaka. Kengele ya rimu ya gari ililia kabla jua halijapanda, viranja wakapanga mistari, na shule nzima ikatoka mbio barabarani huku ikiimba, mavumbi yakitufuata nyuma. Wengi walikimbia tumbo tupu. Wachache waliokuwa na kitu nyumbani walikula kwanza, na waliokula walionewa wivu.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya kijijini, baina ya Nachingwea na Ruangwa. Alikuwapo binti wa darasa la sita, mwembamba, mwenye miguu mirefu, ambaye tulitarajia ashike mbio za mita 800 katika mashindano ya wilaya. Jina lake silitaji. Ni mtu mzima mwenye wajukuu na heshima yake. Mama yake alikuwa anakaanga maandazi. Hilo lilikuwa jambo jipya kijijini, maana mwanzoni mwa miaka ya 1980 unga wa ngano ulikuwa umeadimika kama sabuni na khanga, na ulianza kuonekana tena madukani baada ya masharti ya biashara kulegezwa. Kwa hiyo biashara ya mama na ugonjwa wa mtoto viliingia kijijini kwa wakati mmoja. Watu wa kwetu si wajinga, waliuona uhusiano huo mara moja, ila waliusoma kwa namna yao: walisema mwenye wivu na biashara ya mama amemtupia mtoto kitu.

Alipoanguka mara ya kwanza mimi nilikuwa nimekwenda mjini kufuata mishahara. Niliporudi niliambiwa kwamba katikati ya mbio alianza kujikuna viganja vya mikono, kisha masikio, kisha akakaa njiani. Mwalimu wa zamu alimwambia ainuke aache kudeka. Akainuka, akakimbia hatua chache, akaanguka midomo imevimba na sauti imekauka. Walimpakia kwenye keria ya baiskeli kumpeleka zahanati. Alipofika huko uvimbe ulikuwa umeanza kushuka, na kesho yake alikuja shuleni mzima kabisa, kama mtu aliyetoka harusini. Uzima ule ndio uliomharibia jina. Mtoto gani anakaribia kufa Jumatatu na Jumanne yuko kwenye netiboli?

Baada ya kuanguka mara ya tatu, alikuja mjomba wake. Kwa wasiojua desturi zetu, kwa Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Baba wa mtoto anaweza kunywa chai na mwalimu. Mjomba akija, kuna uamuzi.

"Mwalimu, huyu mtoto tunamtoa," alisema baada ya salamu. "Ana kitu chake, kinakataa mbio. Tutamfanyia dawa, halafu akae nyumbani."

"Mjomba," nikamwuliza, "kitu hicho kinakataa mbio za asubuhi tu? Mbona jioni anacheza mpaka giza linaingia?"

"Majini yana saa zao."

"Basi tuzitafute hizo saa. Nipe wiki tatu."

Alinipa wiki mbili. Alikuwa mtu wa haki, ila mtoto wa kike wa miaka 13 akitolewa shuleni kule kwetu kwa wiki mbili, mara nyingi harudi. Anachezwa unyago na posa inafuata. Nilijua kwamba kama sikupata jibu ndani ya siku hizo, mtoto anatoka.

Nilimpa binti daftari jipya nikamwambia aandike kila siku mambo mawili: alichokula na saa aliyokula, kazi aliyofanya na saa aliyofanya. Hatukumjaribu kwa kitu chochote. Tuliandika tu yaliyokuwa yakitokea. Walimu wa zamu niliwapa agizo moja, na mtoto nikampa hilo hilo: viganja vikianza kuwasha, kaa chini papo hapo, usingoje ruhusa ya mtu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Nakumbuka mistari kama hii: "Jumanne. Kiporo cha ugali wa muhogo na mbaazi. Mbio. Salama." "Jumamosi. Maandazi matatu. Nimekaa nyumbani kusuka mkeka. Salama." "Alhamisi. Maandazi mawili na chai alfajiri. Mbio. Mikono inawasha, nimekaa, ikapoa." Mama yake naye alikumbuka kwamba siku tatu za kuanguka zote zilikuwa siku za kukaanga mapema, ambapo mtoto alionja kabla ya kutoka. Si mbio peke yake basi, wala si maandazi peke yake.

Nilipomweleza mama, alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, kumbe ninayemdhuru mwanangu ni mimi, kwa mikono yangu hii?"

"La, Mama. Jumamosi anakula ya mikono hiyo hiyo na halali njaa wala hadhuriki. Ni saa tu."

Tukakubaliana, mbele ya mjomba, kwamba asubuhi ya mbio mtoto ale muhogo au kiporo, na maandazi ale jioni akiwa ametulia. Mjomba aliridhika kwa sababu zake mwenyewe: alisema hata majini hupewa masharti, na haya ni masharti. Sikumbishia. Binti alikimbia mita 800 zake mwaka uliofuata akiwa na muhogo wa kuchemsha tumboni, akashika nafasi ya pili, na akamaliza darasa la saba.

Jina la ugonjwa unaofanana na wake nililipata miaka mingi baadaye kwa mjukuu wangu anayesomea udaktari. "Babu," aliniambia, "ulichoandika kwenye lile daftari ndicho madaktari wanachokifanya mpaka leo." Akanisimulia mengi, na mengine nimeyasoma mwenyewe, kwa miwani na kwa subira.

Mwaka 1902 Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walikuwa wakichunguza sumu ya mnyama laini wa baharini mwenye minyiri. Walimpiga mbwa sindano ya sumu hiyo, akapona. Baada ya wiki kadhaa wakampiga kiasi kidogo zaidi, ambacho hakikutazamiwa kumdhuru, akafa katika dakika chache. Mwili, badala ya kuizoea sumu, ulikuwa umejifunza kuiogopa kupita kiasi. Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa kazi hiyo. Ndivyo mzio mkali ulivyo: kinga ya mwili humchukulia mgeni asiye na hatia kuwa ni adui, na silaha inazomwaga, mojawapo ikiitwa histamini, humwumiza mwenye nyumba. Mishipa ya damu hulegea, msukumo wa damu hushuka, ngozi hufura mabaka, njia ya hewa huziba.

Habari ya kuunganika kwa chakula na mbio ilikuja baadaye sana. Mwaka 1979 madaktari wa Marekani waliandika juu ya mkimbiaji wa masafa marefu aliyekuwa akipatwa na mzio mkali alipokimbia baada ya kula wanyama wa baharini wenye gamba. Chakula peke yake hakikumdhuru, wala mbio peke yake. Baada ya hapo visa vingine vikaandikwa sehemu mbalimbali, na chakula kilichotajwa sana kikawa ngano, hasa sehemu moja ya protini yake iitwayo gliadini omega-5. Sababu ya mbio kuwasha moto huo wataalamu bado wanaijadili. Wengine husema mtu akikimbia, utumbo hupitisha vipande vya chakula kwenda kwenye damu kwa wingi kuliko kawaida. Wengine husema mwili uliochemka unahitaji uchokozi mdogo zaidi kabla ya kulipuka. Huenda yote mawili ni kweli.

Wajapani, ambao kila kitu hukihesabu, waliwaulizia wanafunzi wa shule za sekondari za chini za mji wa Yokohama, wakatoa matokeo yao mwaka 2001. Kati ya wanafunzi 76,229 walipatikana 13 wenye mzio wa chakula na mazoezi pamoja. Hizo ni hesabu za Yokohama, si za Lindi, lakini zinatupa kipimo: ni kama mtoto mmoja katika watoto 6,000. Mwalimu anaweza kustaafu bila kukutana naye. Afisa elimu wa wilaya hana bahati hiyo. Wilayani kwake yumo, tena pengine zaidi ya mmoja.

Kisa kingine cha Japani kilinishangaza zaidi. Sabuni fulani ya kuoshea uso ilitiwa protini ya ngano iliyovunjwavunjwa ili ilainishe ngozi. Wanawake wakaitumia, na watu zaidi ya 2,000 wakajikuta wamepata mzio wa ngano kupitia ngozi na macho. Baadhi yao wakila mkate kisha wakatembea kwa haraka, walivimba. Sabuni iliondolewa madukani mwaka 2011. Sisi huku sabuni yetu ni ya mawese na magadi, na kwa mara moja nilifurahi kuwa mtu wa kijijini.

Lakini tusijione tuko mbali na jambo hili. Nachingwea iliingia katika vitabu vya historia kwa sababu ya karanga: Waingereza walikuja mwaka 1947 na matrekta yao, wakajenga reli kutoka pwani, na mwaka 1951 wakauvunja mradi, wakaacha barabara zilizonyooka na hasara ya mamilioni ya pauni. Wazee wetu wakaendelea na korosho, na siku hizi ufuta umekuwa fedha halisi, Ruangwa hasa. Karanga, korosho na ufuta, vyote vitatu vimo katika orodha ya vyakula vinavyojulikana duniani kuleta mzio mkali, pamoja na ngano, mayai, maziwa, samaki, soya na kamba wa pwani. Msimu wa korosho watoto hubanika na kutafuna mchana kutwa, kisha hucheza mpira. Mtoto akivimba, watu husema ameunguzwa na mafuta ya ganda. Mara nyingi ni kweli, mafuta yale ni makali. Lakini mafuta huunguza palipoguswa, mdomoni au vidoleni. Mabaka yakitokea tumboni na mgongoni, na mtoto anakoroma au anatapika au anasema macho yanaingia giza, hayo si mafuta.

Hapo sasa nataka kusema juu ya baiskeli, maana jambo hili lina uzito kuliko majina yote ya kisayansi. Mgonjwa wa mzio mkali damu yake haina msukumo. Ukimsimamisha, au ukimketisha kwenye keria miguu ikining'inia, damu hubaki miguuni na moyo hukosa cha kusukuma. Wapo waliokufa kwa kuinuliwa ghafla tu. Daktari mmoja wa Uingereza, Pumphrey, alichunguza vifo vya namna hiyo na kuandika habari zake mwaka 2003. Anayeumwa hivyo alazwe chali na miguu iinuliwe. Kama hana fahamu au anatapika, alazwe ubavu. Kama shida yake kubwa ni pumzi, aachwe aketi, lakini miguu inyooshwe mbele, na kwa vyovyote asitembezwe. Wazee wetu walibeba mgonjwa juu ya kitanda cha kamba, watu wanne, wakipokezana, na sisi wasomi tuliwacheka kwa kuwa na baiskeli. Kwa ugonjwa huu kitanda kilikuwa bora. Leo bodaboda imechukua nafasi ya baiskeli, na mgonjwa hukalishwa katikati ya watu wawili, wima kabisa.

Dawa yake ni adrenalini, sindano ya msuli wa paja kwa upande wa nje, mapema iwezekanavyo. Si dawa mpya wala ya ghali; imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Vidonge vya Piriton hupunguza muwasho, lakini havifungui koo lililoziba wala havirudishi msukumo wa damu, na mzazi anayekaa kusubiri kidonge kifanye kazi anapoteza dakika ambazo hana. Mwalimu mkuu anaweza kumwuliza mganga wa zahanati iliyo karibu, kabla ya lolote kutokea, kama sindano hiyo ipo na haijapitwa na tarehe. Ni swali la heshima kabisa na halihitaji barua.

Mambo mawili ya siku hizi yananitia wasiwasi. La kwanza ni uji wa lishe. Ni jambo jema, mimi mwenyewe nilipigania watoto wanywe uji shuleni. Lakini unga wa lishe huchanganywa vitu vingi, mahindi, mtama, soya, karanga, pengine ngano na dagaa, na anayeununua hajui kilichomo mpaka aulize. Zamani mama alijua mtoto wake amekula maandazi. Leo amekula "uji". La pili ni vidonge vya maumivu. Tangu Namungo ya Ruangwa ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019, kila kijana ana ndoto, na nawaona wanameza aspirini au diklofenaki kabla ya mechi ili miguu isiume. Dawa za jamii hiyo zinaweza kuuchochea mzio huu, ukatokea hata kwa mtu ambaye kwa chakula na mbio pekee angesalimika.

Mwalimu mkuu mmoja kijana, ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe, alinijia nyumbani mwaka jana. "Shikamoo Mwalimu. Kwa maneno yako haya, tufute mchakamchaka?"

Nikamwambia marahaba, na asifute kitu. Wengi wa watoto wanahitaji mbio kuliko wanavyohitaji kulindwa nazo. Aliyekwisha kuvimba mara moja ndiye wa kuwekewa utaratibu wake: madaktari hushauri akae muda wa saa 4 hadi 6 baada ya kula kile chakula kabla ya mazoezi, asikimbie peke yake, na wenzake wajue la kufanya. Wengine wakimbie kama kawaida. Kwa shule nzima nilimpa ushauri mdogo tu: siku za michezo, uji unywewe saa nne asubuhi na viwanja vifunguliwe saa kumi jioni. Tena wakati wa kuandikisha darasa la kwanza, aongeze swali moja kwa wazazi: je, mtoto huyu amewahi kuvimba au kukosa pumzi akicheza, na siku hiyo alikula nini?

Aliuliza. Wazazi watatu waliinua mikono. Wawili watoto wao walikuwa na pumu. Wa tatu, mtoto wa kiume wa miaka saba, aliwahi kuvimba macho mara mbili akicheza mpira baada ya chapati, na bibi yake alikuwa amemkataza mpira. Amepelekwa hospitali ya wilaya, na mama yake anaandika.